Suárez na Liverpool: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya maswali sijayatunga mimi. Kila mara mchezaji mwenye kipaji akifanya upuuzi uwanjani, iwe ni kibanda cha mpira Kawempe, steji ya boda Busia au ndani ya taksi ya Jinja imekwama kwenye jamu ya Mukono, lazima mtu ataje Suárez na lazima mwingine abishe, halafu tarehe zinachanganywa, hata watu aliowauma wanachanganywa, Ivanović anakuwa Chiellini, na mwisho tunapiga kelele bure. Nimeyapanga hapa tubishane vizuri. Nasema mapema: mimi ni wa Liverpool, na klabu yangu nimeitandika humu mahali inapostahili. Mwenye haraka aruke moja kwa moja swali la 7 na la 14.

## Mambo ya kwanza kwanza

1. Suárez ni nani, na mbona haishi kutajwa?

Luis Suárez, straika wa Uruguay, kazaliwa mji wa Salto tarehe 24 Januari 1987. Alianza Nacional ya kwao, 2006 akaenda Groningen ya Uholanzi, mwaka uliofuata Ajax, Januari 2011 Liverpool, 2014 Barcelona, 2020 Atlético Madrid, akarudi Nacional, akapitia Grêmio ya Brazil, na 2024 akamfuata Messi Inter Miami. Timu ya taifa aliiacha 2024 akiwa na mabao 69, hakuna Mruguay mwingine aliyefika hapo.

Anatajwa kwa sababu wakorofi ni wengi na wenye kipaji ni wengi, lakini wa kuwa juu kabisa kwenye yote mawili kwa wakati mmoja ni wachache mno. Liverpool alifunga mabao 82 kwa mechi 133. Na katika miaka hiyo mitatu na nusu alifungiwa mara tatu zile ndefu ambazo hata bibi yako asiyejua ofsaidi alizisikia redioni.

2. Ameuma watu wangapi kwa jumla?

Watatu wanaojulikana. Otman Bakkal wa PSV tarehe 20 Novemba 2010 akiwa kapteni wa Ajax, kapteni kabisa. Branislav Ivanović wa Chelsea tarehe 21 Aprili 2013. Giorgio Chiellini wa Italia tarehe 24 Juni 2014 kwenye Kombe la Dunia Brazil. Evra hakuumwa, Evra ni kesi nyingine (swali la 6), na Ghana ni ya mkono (swali la 4).

3. Lakini mtu mzima anauma mwenzake kwa nini?

Mimi si daktari wa vichwa, ila angalia hali ya mechi zenyewe. Ya Bakkal, Ajax na PSV walitoka 0-0 na Ajax walikuwa hawapumui. Ya Ivanović, dakika chache kabla Suárez mwenyewe alikuwa ameshika mpira kwenye boksi, Chelsea wakapata penalti, Hazard akafunga. Ya Chiellini ilikuwa dakika ya 79, bado 0-0, na Uruguay bila kushinda ilikuwa inafunga mizigo. Zote tatu timu yake imebanwa na yeye haoni mlango. Hiyo haimtetei, maana wachezaji wanabanwa kila wiki na hawagusi nyama ya mtu, lakini inaonyesha kwamba hakuwa anauma kwa mchezo tu, na kwamba kocha mwenye macho angeweza kujua ni saa ngapi za kumchunga.

4. Ile ya mkono na Ghana si ndo mbaya kuliko zote?

Kwa moyo wa Mwafrika, ndiyo. Kwa sheria, hapana. Tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali, 1-1, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, Dominic Adiyiah anapiga kichwa, Suárez amesimama kwenye mstari anautoa kwa mikono. Kadi nyekundu, penalti, Asamoah Gyan akagonga mwamba, Uruguay wakashinda matuta 4-2. Ghana wangekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, kitu ambacho tulisubiri mpaka Morocco 2022.

Ila yale ni makosa ambayo bei yake imeandikwa kwenye sheria: shika mpira, toka nje, wapinzani wapige penalti. Akalipa, nusu fainali hakucheza. Kuuma mtu hakuna bei ya namna hiyo, huwezi kusema timu imepata faida. 2022 walipokutana tena aliulizwa kama ataomba radhi, akakataa, akasema penalti hakuikosa yeye. Maneno ya kuudhi kweli, lakini hoja yake ipo. Na siku hiyo Uruguay walishinda 2-0 na bado wakatolewa, yeye analia kwenye benchi, na kuna vibanda Kampala vilishangilia kama Cranes, timu yetu ya taifa, wamefunga.

(Kombe la 2010 lenyewe hapa kwetu lina jambo zito kuliko mkono wa mtu, fainali yake ndo usiku wa mabomu ya Kyadondo na Kabalagala. Ndo maana watu wengine hawataki hata kulijadili.)

## Kesi ya Evra

5. Liverpool walimnunua bila kujua tabia yake?

Walijua vizuri sana. Alivyomuuma Bakkal shirikisho la Uholanzi lilimfungia mechi 7, gazeti la kwao likamwita mla watu wa Ajax, na miezi miwili tu baadaye, tarehe 31 Januari 2011, Liverpool wanatoa pauni milioni 22.8. Siku hiyohiyo waliuza Torres Chelsea milioni 50 na kununua Andy Carroll milioni 35. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini straika bora kuliko wote watatu alikuwa wa bei ya chini, sehemu ya jibu ni meno. Punguzo walilipata, na mwenye kupokea punguzo asije kushangaa baadaye.

6. Kwani Evra alifanyiwa nini hasa?

Tarehe 15 Oktoba 2011, Anfield, Liverpool 1 Man U 1. Suárez na Patrice Evra, beki wa Man U, wanakorofishana kwenye kona, na Evra akasema katukanwa kwa rangi yake, tena mara nyingi. Suárez alikubali kutumia lile neno la Kihispania lenye maana ya mweusi mara moja tu na akasema kwao ni la kawaida. Jopo huru la FA, chama cha soka cha Uingereza, lilisikiliza pande zote mbili, likaona maelezo ya Evra ndo ya kuaminika, likasema neno lilitoka mara saba, na tarehe 20 Desemba likamfungia mechi 8 na faini pauni 40,000.

Kuna anayeuliza "si hata sisi tunaitana mweusi na tunacheka?" Ndugu yangu, unamwita rafiki yako mkiwa mnakula rolex, chapati na mayai. Hawa walikuwa wanagombana.

7. Zile tisheti zilikuwa na shida gani? Klabu si inatakiwa kusimama na mchezaji wake?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote humu, kaa vizuri.

Tarehe 21 Desemba, siku moja baada ya hukumu, Liverpool wanacheza na Wigan, na timu nzima inatoka kupasha misuli imevaa tisheti zenye picha ya Suárez. Kocha Kenny Dalglish naye kavaa. Hata Glen Johnson, mchezaji mweusi, kavaa. Sasa angalia tarehe: ripoti ya jopo yenye maelezo yote, kurasa 115, ilitoka tarehe 31 Desemba. Yaani walivaa siku kumi kabla ya kusoma kwa nini mtu wao amehukumiwa! Na walivyosoma, hata rufaa hawakukata. Ukiamini kweli mtu wako kaonewa unakata rufaa, na kama huna la kukatia rufaa basi zile tisheti zilikuwa za nini.

Kusimama na mchezaji ni kumpa wakili, ni kumlinda na waandishi, ni kuhakikisha anakula na analala, ni kumwambia "hatukutupi". Hiyo hakuna anayekataa. Tisheti zilifanya kitu kingine kabisa, zilimwambia Evra mbele ya dunia kwamba ni mwongo. Mtu aliyelalamika akageuzwa mkosaji. Evra alikuja kusema kwamba alipata hadi vitisho vya kuuawa, na kwa miaka mingi mashabiki wetu walimzomea kila akigusa mpira, na klabu yenye jina kubwa namna hiyo ilikuwa imewapa ruhusa.

Jamie Carragher, aliyekuwa ndani ya timu ile, alimwomba Evra msamaha uso kwa uso kwenye televisheni mwaka 2019. Baadaye Evra akasema na Peter Moore, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Liverpool, alimwandikia barua ya kuomba radhi. Miaka minane kwa jambo ambalo lingechukua wiki moja ya kunyamaza na kusoma.

8. Na ile ya kukataa kumpa mkono?

Tarehe 11 Februari 2012, Old Trafford, Suárez karudi kutoka kifungoni, anapita kwenye mstari na anamruka Evra. Man U wakashinda 2-1, bao la Liverpool kafunga nani, si yeye huyohuyo. Kabla ya mechi alikuwa amewaambia klabu kwamba atatoa mkono. Kesho yake Suárez akaomba radhi, Dalglish akaomba radhi, na mkurugenzi Ian Ayre akatoa taarifa ya wazi kwamba mchezaji amewapotosha.

Hapo kati kuna mdhamini. Standard Chartered, benki hiyohiyo ambayo Wakampala wanaijua pale Speke Road, jina lake liko kifuani kwenye jezi, ikasema imesikitishwa sana. Klabu iliyokuwa imevaa tisheti Desemba ikapata lugha nyingine Februari. Mimi sisemi ni kwa sababu ya pesa, nasema tu angalia nani naye alikuwa anaongea siku hizohizo.

9. Kwa hiyo Dalglish alifukuzwa kwa ajili ya Suárez?

Aliondoka Mei 2012. Liverpool walikuwa wamemaliza nafasi ya 8, na hiyo peke yake inatosha kufukuza kocha hata kama alibeba Carling Cup na kufika fainali ya Kombe la FA. Ile kesi haikumsaidia, ila mwenye kusema ndo sababu pekee anaongeza chumvi.

## Ivanović na kiangazi cha 2013

10. Ilikuwaje mtu akauma na akabaki uwanjani mpaka akafunga?

Refa Kevin Friend hakuona. Jumapili, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, Liverpool na Chelsea pale Anfield, wanasukumana kwenye boksi, Suárez anashika mkono wa Ivanović na kupeleka mdomo. Ivanović anavuta mkono wa jezi kuonyesha alama, hakuna kadi, mechi inaendelea, na dakika ya 97 Suárez anasawazisha 2-2 kwa kichwa. Waliokuwa kibandani walikuwa wameshaona marudio mara tano, wa Chelsea wanapiga meza. VAR, refa wa video, ilikuwa bado, ilikuja Premier League 2019/20.

11. Mbona kuuma mechi 10 na ubaguzi mechi 8? Hiyo ni haki?

Hesabu yao ilikuwa hivi: vurugu uwanjani adhabu yake ya kawaida ni mechi 3, jopo likasema 3 ni kidogo mno kwa kitendo kile, likaongeza 7. Ya Bakkal ilikuwa ya Uholanzi lakini kila mtu alikuwa anajua si mara ya kwanza.

Haki au si haki, mimi naona haikukaa sawa. Alama ya meno inaisha kwa wiki, na ile nyingine angalia Evra alibeba miaka mingapi. Lakini meno yanaonekana vizuri kwenye marudio, na hata waziri mkuu wao wa wakati ule, David Cameron, alipata la kusema.

12. Si hata Defoe aliuma na hakufanywa kitu?

Kweli. Oktoba 2006, Jermain Defoe wa Tottenham alimuuma Javier Mascherano wa West Ham. Tofauti ni kwamba refa aliona na akatoa kadi ya njano, na kwa utaratibu wa FA, refa akishashughulikia jambo uwanjani basi limekwisha. Suárez refa hakuona, kwa hiyo faili lilikuwa wazi. Ajabu, ndiyo: ukiuma ni afadhali refa awe karibu.

13. Safari hii klabu ilifanya nini?

Hakuna tisheti. Jioni ileile Suárez kaomba radhi na kocha Brendan Rodgers pamoja na klabu wakasema wazi kitendo hakikubaliki. Wakampiga faini, pesa zikaenda kwa kundi la familia za wahanga wa Hillsborough, ule mkasa wa 1989 uliowaua mashabiki wetu uwanjani. Ayre akasema hauzwi, atasaidiwa. Walinung'unikia urefu wa adhabu, hilo lipo, lakini hakuna aliyemgeuza Ivanović kuwa mkosaji. Linganisha na swali la 7 uone tofauti, na ni mwaka mmoja na miezi tu imepita kati yake.

14. Ile pauni moja ya Arsenal ilikuwa nini, na nani alivunja uaminifu?

Gooners, mashabiki wa Arsenal, wa Kampala hawapendi hili lakini linaulizwa kila mwaka. Liverpool wamemaliza nafasi ya 7, hakuna Champions League, Suárez bado anadaiwa mechi 6 za adhabu, na anataka kuondoka. Klabu iliyombeba kwenye aibu mbili anaiambia kwaheri. Julai 2013 Arsenal wanaleta pauni 40,000,001, ile moja ya mwisho kwa sababu kwenye mkataba kulikuwa na kipengele cha kuuzwa kwa ofa inayozidi milioni 40. John W. Henry, mwenye Liverpool, akauliza Twitter huko Emirates wanavuta kitu gani.

Suárez akaenda kwa waandishi, akasema klabu ilimwahidi kumwachia. Rodgers akasema hakuna ahadi iliyovunjwa, akamtoa kwenye mazoezi ya timu akawa anafanya peke yake. Hapo ndo Steven Gerrard akaingia kati, akaongea naye kama kaka, akamwambia baki mwaka mmoja, cheza vizuri, wakubwa zaidi ya Arsenal watakuja. Akabaki.

Sasa sehemu ambayo watu wanairuka. Machi 2014, kwenye mkutano wa michezo kule Boston, Henry alisema mwenyewe mbele ya watu kwamba kipengele cha milioni 40 kilikuwepo na wao waliamua tu kutouza. Yaani kwenye mambo ya uaminifu kila mtu anamtaja Suárez, na humu klabu nayo ilikuwa imeweka sahihi karatasi ikaikalia. Kama shabiki nilifurahi, sitadanganya. Ila tusiseme upande mmoja ulikuwa msafi. Uaminifu wa klabu na mchezaji unaendeshwa kama daftari la deni la dukani, na kwenye daftari hili wote wawili walikuwa wanadaiana.

15. Na baada ya hapo?

Alirudi tarehe 25 Septemba 2013 dhidi ya Man U kwenye kombe la ligi, wakafungwa 1-0. Kisha banange. Mabao 31 kwa mechi 33 za ligi na hakuna hata penalti moja, pasi za mabao 12, manne peke yake dhidi ya Norwich Desemba, mchezaji bora wa mwaka wa chama cha wachezaji, kiatu cha dhahabu cha Ulaya sawa na Ronaldo. Desemba hiyohiyo akasaini mkataba mpya. Liverpool walifunga mabao 101, pointi 84, City 86. Gerrard akateleza na Chelsea, halafu Jumatatu usiku kule Crystal Palace wanaongoza 3-0 inakuwa 3-3, na Suárez anatoka uwanjani kafunika uso na jezi.

Mtu asiseme ile adhabu ya mazoezi ya peke yake ilimuua. Aliadhibiwa, akakatazwa kuondoka, na akacheza mpira bora wa maisha yake ya Uingereza.

## Chiellini na kuuzwa

16. Kwa nini Liverpool waumie kwa kosa alilofanya na Uruguay?

Kwa sababu FIFA iligawa adhabu sehemu mbili: mechi 9 za timu ya taifa, na miezi minne nje ya shughuli zote za mpira, pamoja na faini faranga za Uswisi 100,000. Ile miezi minne inamfuata popote anapolipwa mshahara. Mara ya kwanza alisema alipoteza mizani akamwangukia Chiellini, maelezo ambayo hata mtoto wa P2 angekataa, siku chache baadaye akakubali na kumwomba radhi. Mahakama ya michezo, CAS, iliacha adhabu kama ilivyo Agosti, ikamruhusu tu kufanya mazoezi na kucheza mechi za kirafiki.

17. Basi aliuzwa kwa sababu ya meno?

Barcelona walikuwa wanamtaka kabla, na mkataba wa Desemba ulikuwa na bei ya kuondokea. Dili likatangazwa tarehe 11 Julai 2014, magazeti yakaandika pauni milioni 75. Nadhani meno hayakusababisha kuuzwa, yalifanya tu mashabiki wasiandamane. Mtu akikosea mara ya tatu unachoka kumtetea hata kama anakufungia 31. Mechi yake ya kwanza Barcelona ilikuwa na Real Madrid tarehe 25 Oktoba, kifungo kimeisha, wakapigwa 3-1.

18. Ni kweli pesa zake walimletea Balotelli, yule straika mkorofi wa Italia?

Kweli, na Rodgers alikuwa ameshasema kwamba Balotelli haji. Alikuja kwa milioni 16, bao moja la ligi msimu mzima. Liverpool wakamaliza wa 6 na mechi ya mwisho wakala 6-1 kwa Stoke. Walidhani wamejifunza kumchunga mkorofi kumbe walichokuwa nacho ni Suárez, mkorofi anayekimbia dakika 90.

19. Alibadilika?

Kuuma, hakuna tena iliyojulikana tangu 2014. Barcelona alifunga 198, akabeba makombe matatu msimu wa kwanza, na fainali ya Berlin 2015 dhidi ya Juventus alifunga huku Evra akiwa upande wa pili na Chiellini kaumia hayupo. Ungesema kakua.

Halafu tarehe 31 Agosti 2025, fainali ya Leagues Cup, Inter Miami wamefungwa 3-0 na Seattle, anamshika shingoni mchezaji kijana wa Seattle na kumtemea mate mfanyakazi wao. Miaka 38! Akafungiwa mechi 6 za mashindano hayo, MLS ikaongeza 3 za ligi, akaomba radhi mtandaoni. Rudi swali la 3 usome tena ilikuwa hali gani ya mechi.

## Maswali ya pembeni

20. Cantona wa Man U naye si alisamehewa?

Alisamehewa baada ya kuadhibiwa na watu wake. Januari 1995 alimrukia shabiki wa Crystal Palace kwa teke. Man U wenyewe, kabla FA haijafika, wakamtoa msimu mzima uliobaki na kumkata pauni 20,000. FA ikasogeza mpaka 30 Septemba, mahakama ikampa saa 120 za kazi ya jamii. Alivyotaka kukimbia, Alex Ferguson alimfuata mpaka Paris. Akarudi tarehe 1 Oktoba 1995 na kufunga, dhidi yetu bwana, na fainali ya FA 1996 akafunga tena dhidi yetu. Inaniuma kuandika hivi kuhusu Man U lakini walifanya vizuri kuliko sisi: adhabu kwanza, kubembeleza baadaye, na hakuna tisheti.

21. Leo akiuma na refa asione inakuwaje?

VAR inamwita refa, kadi nyekundu. Sheria namba 12 siku hizi inataja kuuma na kutema mate kwa jina.

22. Mimi ni kocha wa timu ya mtaa, nina kijana moto kama huyu, nifanye nini?

Kila steji ina wa kwake. Usisubiri ripoti ya refa wala kikao cha wilaya, mpe adhabu yako siku ileile na iwe ya kuonekana: kama ni kapteni mvue kitambaa, mechi inayofuata akae nje kwa nguo za nyumbani. Kabla hujamtetea popote nenda kwa aliyeumizwa, wewe na yeye, bila kamera. Kama hujui kilichotokea sema "bado tunaangalia" na unyamaze.

Usimfukuze mazoezini, hilo nalisisitiza, maana akikosa mazoezi jioni utamkuta kwenye duka la kubeti na hapo umempoteza kabisa. Atafutiwe mchezaji mkubwa mmoja anayemwogopa kwa heshima. Na mapema, kabla ya kosa lingine, kubalianeni mbele ya viongozi mara ya pili ni nini na ya tatu ni nini, kisha ikifika ya tatu mfanye hivyo hata kama Jumapili ni fainali ya Kombe la Masaza ya Buganda. Viongozi wengi wanashindwa hapo kwenye fainali.

23. Kuna watu walibeti kwamba atauma na wakala pesa, ni hadithi tu?

Si hadithi. Kabla ya Kombe la 2014 kampuni za Ulaya ziliweka soko la Suárez kuuma mtu, na waliobeti walilipwa. Kwenye tiketi zetu za hapa usiitafute, weka kona na mabao yako kama kawaida.